Kadi ya Televisheni: Ulizeni Kabla ya Kulipa

Kompyuta ya mezani yaweza kuwa televisheni pia ikitiwa kadi ya kunasa matangazo. Lakini msikimbilie kadi kuukuu kwa kuwa ni rahisi. Hapa Kenya mitambo ya analogi ilizimwa mwaka 2015, basi kadi ya analogi ikiungwa na antena itawapa chengachenga tu, na pesa za kikundi zimekwenda. Mwulizeni muuzaji: inapokea DVB-T2? Ndio mfumo wetu. DVB-T bila hiyo 2 haifai, hata akiapa.

Na kama mmeshanunua ya zamani? Msiitupe. Ikiwa ina tundu la manjano la picha, ungeni king'amuzi hapo.

Kabla ya kwenda dukani, fungueni kasha mwone nafasi iliyo wazi. Ya PCI na ya PCI Express hazifanani. Siku ya kufunga, zimeni kompyuta, chomoeni waya wa stima, gusaneni na chuma cha kasha kwanza, maana umeme kidogo wa mwilini huua kadi. Isukumeni mpaka ikae, kazeni skrubu, wekeni programu yake. Antena iwe juu, ielekee mnara.