Pima Moyo Wako Kila Jioni

SOMO LA WIKI
Maandiko ya kusoma nyumbani: 1 Wafalme 18:41 hadi 19:8, 2 Wafalme 20:1-7, Mithali 4:23, Wagalatia 6:2.

Wiki hii nimeombwa nifundishe juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalinong'ona tu nje ya lango la kanisa, yaani ugonjwa wa akili. Nafundisha nikiwa ndani yake. Mimi ni fundi cherehani hapa Kibomet, ninaishi na baipola, na ninampenda Yesu. Hayo matatu yanakaa ndani ya mtu mmoja na hayagombani.

Baipola ni nini? Ni ugonjwa unaofanya hali ya moyo ipande kupita kiasi kwa siku nyingi, halafu wakati mwingine ishuke kupita kiasi. Si ile furaha ya kupata wateja au huzuni ya matanga, maana hizo kila mtu anazo. Mtu akipanda, anakosa usingizi na hachoki, anaongea mbio, anatumia pesa ovyo, anakasirika haraka. Akishuka, hata kuoga ni mlima. Ugonjwa huu mara nyingi huanza katika ujana, na huweza kufuata jamaa za damu. Sitawa Wafula, Mkenya mwenzetu, amesema hadharani kwamba anaishi na kifafa na baipola, akaanzisha huduma ya kuwasaidia wengine. Kwa hivyo hatuko peke yetu.

1. Mungu alianza na usingizi na chakula
Soma habari za Eliya polepole. Siku moja yuko Karmeli, moto umeshuka, mvua inakuja, naye anakimbia mbele ya gari la mfalme. Muda mfupi baadaye yuko jangwani chini ya mti, anaomba afe. Sisemi Eliya alikuwa na baipola. Nasema angalia Mungu alifanya nini. Hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Maswali yalikuja baadaye, kule Horebu. Kama Mungu mwenyewe alianza na usingizi na chakula, sisi ni nani tuanze na lawama?

2. Daftari la jioni
Mithali inatuambia tulinde moyo. Sasa, utalindaje kitu usichokiangalia? Mimi nina daftari dogo la mraba-mraba, lile la watoto la hesabu. Kila jioni, kabla sijafunga cherehani, naandika mambo matano:
- Nililala saa ngapi usiku uliopita.
- Moyo uko wapi: sifuri ni kawaida, juu hadi +5, chini hadi -5.
- Nimemeza dawa au la.
- Pesa zilizotoka leo, na kama nilizipanga.
- Nimegombana na nani, au nimemkwepa nani.

Inachukua dakika mbili. Siku moja haisemi kitu. Majuma matatu yanasema. Hapo utaona kwamba Januari, msimu wa sare za shule, usingizi unapungua na namba zinapanda. Mkulima ataona yake wakati wa kupanda mahindi au wa kuvuna. Mama atakumbuka ya baada ya kujifungua, kwa sababu huo ni wakati wa hatari kubwa kwa mwenye baipola. Na ukienda kliniki, daktari akiuliza umekuwaje, usijibu "niko sawa tu". Mpe daftari.

3. Kupanda kunaweza kuvaa nguo za upako
Hapa ndipo pagumu kwetu Wapentekoste. Mtu anayepanda anajisikia karibu sana na Mungu. Anaamka saa nane usiku kuomba, anapata mafunuo mfululizo, anataka kuuza ng'ombe atoe sadaka. Sisi tunapiga makofi: huyu amewaka moto! Roho Mtakatifu anaweza kumwamsha mtu usiku, naamini hivyo. Lakini tunda la Roho lina kiasi ndani yake. Kwa hivyo mimi nina kanuni: neno ambalo ni la Mungu kweli litangoja nilale usiku tatu. Kama ni kutoa kitu kikubwa, nangoja mwezi mmoja, na mume wangu aweke sahihi yake moyoni kwanza. Mungu hakimbizwi na saa.

4. Kesha na mfungo
Kukosa usingizi si dalili tu. Kunaweza kuwasha ugonjwa wenyewe. Kwa mwenye baipola, kesha la usiku kucha ni kama kuacha jiko la makaa karibu na pazia. Mimi huomba na kanisa hadi saa nne, kisha naenda kulala, na waombaji wanaendelea. Si uvivu.

Mfungo nao uangaliwe. Wengi wetu tunatumia litiamu, dawa ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949, na mpaka leo inasaidia wengi. Figo ndizo zinazoitoa mwilini. Ukikosa maji, au ukiharisha na kutapika kwa siku mbili, dawa inajaa kwenye damu na inaweza kuwa sumu. Mikono ikitetemeka kuliko kawaida, ukipepesuka kama mlevi, ukitapika, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara, pamoja na figo na tezi ya shingo. Pia usinunue ibuprofeni au diklofenaki kwa kemisti bila kusema unameza litiamu. Basi ukitaka kufunga, funga simu au funga maneno. Maji usifunge.

5. Dawa na maombi
Hezekia aliumwa, akalia, Mungu akasikia. Halafu Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu. Ahadi na dawa zilikuja katika habari moja. Kuna wapendwa walioambiwa watupe vidonge ili kuonyesha imani. Tafadhali, tusiseme hivyo tena. Kuacha dawa ghafla mara nyingi hurudisha ugonjwa, wakati mwingine kwa nguvu zaidi. Anayeamini ameponywa apeleke ushuhuda wake kwa daktari. Daktari ndiye atapunguza dawa, akiona inafaa. Dada anayepanga kupata mtoto aseme mapema, maana dawa kama valproeti huweza kumdhuru mtoto tumboni.

6. Mpe mtu mmoja ruhusa
Mtu anayepanda haoni kwamba anapanda. Daftari peke yake halitoshi, kwa sababu mkono unaoandika ndio unaougua. Mimi nimewapa wawili ruhusa: mume wangu, na dada yangu mkubwa aliye Bungoma, ambaye hupiga simu kila Jumapili na kusikiliza mbio ya maneno yangu. Tulikubaliana nikiwa sifuri: wakisema "mama, twende kliniki", sibishani. Nikilala chini ya saa nne kwa usiku mbili mfululizo, simu ya M-Pesa inakaa kwa mume wangu, na tunaenda hospitali ya kaunti hapa Kitale. Ikiwa kubwa, Moi kule Eldoret kuna wadi ya akili. Huko ndiko kuchukuliana mizigo.

Na namba ikifika -4, wazo la kufa likija, sema. Usingoje ibada. Wengi walinyamaza kwa kuogopa polisi, kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mtu wa namna hiyo asiachwe peke yake hata dakika moja. Dawa za shamba na vidonge viondolewe karibu naye, apelekwe hospitali.

Maswali ya vikundi vya nyumbani
a) Mungu alimfanyia Eliya nini kabla ya kumuuliza swali?
b) Tutajuaje tofauti ya moto wa Roho na ugonjwa unaopanda? Taja ishara tatu.
c) Ni nani ambaye umempa ruhusa ya kukuambia ukweli juu yako?

Kazi ya wiki: hata kama huna ugonjwa wowote, andika usingizi wako na hali ya moyo wako kwa siku saba. Lete daftari Jumatano.

Tuombe: Baba, wewe unatujua tukiwa juu na tukiwa chini. Tupe usingizi, tupe ukweli, tupe ndugu wa kutushika mkono. Katika jina la Yesu, amina.