Ini Likiugua, Kwa Nini Misuli na Mifupa Hudhoofika?

Swali la aina hii huwapotezea watahiniwa alama: "Mgonjwa mwenye ugonjwa sugu wa ini amekonda mikono na mapaja, na mifupa yake huvunjika kwa urahisi. Eleza sababu." Mtahiniwa huandika "kwa sababu hali vizuri" na kuweka nukta. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya jibu. Anza na kazi za ini, kisha jiulize: kazi hii ikikwama, nini hutokea?

Misuli. Baada ya mlo, ini huhifadhi glukosi iliyozidi kama glaikojeni, na usiku huirudisha kwenye damu. Ini lililojaa makovu, yaani sirosisi, kwa mfano kutokana na virusi vya homa ya ini B au pombe, huhifadhi kidogo. Akiba ikiisha mapema, mwili huvunja protini za misuli ili asidi amino zake zigeuzwe glukosi. Usiku mmoja bila chakula kwa mgonjwa huyu hufanana na siku 2 au 3 za njaa kwa mtu mwenye afya! Ndiyo maana hushauriwa ale kitu kidogo kabla ya kulala. Na yale maneno ya mtaani kwamba asiguse nyama wala maharage humwongezea kukonda.

Pia ini hugeuza amonia, ambayo ni sumu, kuwa urea. Likishindwa, amonia hubaki kwenye damu, nyingine huingia kwenye misuli na kupunguza utengenezaji wa protini mpya.

Angalizo: maji yakijaa tumboni, mzani huweza kuonyesha uzito umepanda huku misuli ikiisha. Tazama mabega na mapaja.

Mifupa. Vitamini D hubadilishwa kwanza na ini, kisha na figo, ndipo isaidie utumbo kufyonza kalsiamu. Zaidi ya hapo, vitamini D ya chakula huyeyuka kwenye mafuta. Nyongo ikipungua utumboní, mafuta hayafyonzwi vizuri na vitamini hiyo hupotea na kinyesi. Misuli dhaifu nayo humfanya mgonjwa aanguke kwa urahisi.

Jaribu mwenyewe
Mgonjwa wa sirosisi huota jua kila siku, lakini mifupa yake bado ni dhaifu. Eleza. (Alama 3)