Marupurupu Yakipunguzwa: Piga Hesabu Kwanza, Kasirika Baadaye

Meseji ya aina hii huingia bila kubisha hodi: "Mpendwa mteja, kuanzia mwezi ujao tunafanya maboresho kwenye mpango wetu wa zawadi." Unasoma hadi mwisho, kumbe maboresho yenyewe ni ya kampuni, si yako. Pointi zilizokuwa zinakununulia bando la wiki sasa zinanunua la siku mbili. Ofa ya kutuma pesa bila ada imewekewa kikomo. Kitu ulichokuwa unakihesabu kama chako kimepungua, na hakuna aliyekuuliza.

Sasa utafanya nini? Wengine hukasirika na kuhama siku hiyo hiyo. Wengine hunung'unika kisha wanasahau. Na kuna kundi la tatu, ambalo ndilo linatutia wasiwasi zaidi: wale wanaoanza kutumia pesa zaidi ili wasipoteze zawadi.

Katika somo la leo tutaangalia kisa kimoja cha Marekani, cha kadi za mkopo za shirika la ndege. Tumekichagua kwa sababu takwimu zake zilitangazwa hadharani, wateja walijibu kwa njia tofauti tofauti, na mwisho wake una funzo hata kwa mtu ambaye hajawahi kupanda ndege, bora ana pointi kwenye simu.

Kadi hizi zinafanyaje kazi?

Shirika la ndege linaungana na kampuni ya kadi. Mteja analipa ada ya mwaka, kisha anatumia kadi kila mahali: supamaketi, petroli, mkahawa. Kila dola anayotumia inamzalishia "maili", na maili zikifika kiwango fulani zinanunua tiketi. Kadi za bei ya juu zina marupurupu zaidi, kwa mfano ruhusa ya kuingia launji, ule ukumbi wa mapumziko uwanjani wenye chakula, viti vya starehe na intaneti.

Usidhani hii ni sadaka. Kampuni ya kadi hulinunulia shirika la ndege maili kwa pesa taslimu. Mwaka 2023 pekee, American Express iliilipa Delta Air Lines karibu dola bilioni 7 kutokana na ushirikiano wao. Kwa hivyo zawadi ni biashara, na biashara ikibadilika, zawadi nayo hubadilika.

Septemba 2023: Delta yakaza kamba

Launji za Delta zilikuwa zimejaa. Watu walikuwa wanapiga foleni mlangoni kuingia mahali walipoahidiwa utulivu. Katikati ya Septemba 2023, kampuni ikatangaza mabadiliko makubwa.

Kwanza, wenye kadi ya Delta Reserve, ambao ada yao wakati huo ilikuwa dola 550 kwa mwaka, walikuwa wakiingia launji bila kikomo kila waliposafiri na Delta. Waliambiwa kwamba kuanzia Februari 2025 wataingia mara 10 tu kwa mwaka. Wenye kadi ya Platinum ya American Express wakapewa mara 6. Aliyetaka kubaki bila kikomo angelazimika kutumia dola 75,000 kwenye kadi yake ndani ya mwaka mmoja. Tukichukua kiwango cha shilingi 130 kwa dola, hiyo ni shilingi milioni 9.75. Ndiyo, umesoma vizuri.

Pili, daraja za uanachama zikabadilishiwa kipimo. Zamani umbali uliosafiri na idadi ya safari zako zilihesabiwa. Sasa kipimo kikawa kimoja tu: pesa ulizotumia. Daraja ya juu kabisa, Diamond, ikawekewa kiwango cha dola 35,000.

Wateja walijibu vipi?

Mwaka 1970 mchumi Albert Hirschman aliandika kwamba mteja asiyeridhika ana njia mbili kuu: kuondoka, au kubaki na kupaza sauti. Uaminifu wake kwa kampuni ndio humfanya achelewe kuondoka na ajaribu kwanza kusema. Kwenye kisa cha Delta njia zote zilionekana.

Kuna waliopaza sauti. Waliandikia kampuni, wakalalamika hadharani, wakaeleza kwa hesabu ni nini walichopoteza. Hawa hawakuwa wateja wa mara moja moja. Wengi walikuwa wamesafiri na Delta kwa miaka, na ndiyo maana waliumia.

Kuna walioanza kuondoka, na washindani hawakulala. Alaska Airlines na JetBlue walifungua mlango: leta ushahidi wa daraja yako ya Delta, nasi tutakupa daraja inayolingana nayo. Mteja aliyekuwa akiogopa kuanza upya kutoka sifuri akaondolewa hofu hiyo.

Kuna waliobaki kimya kwa sababu hawakuwa na mbadala. Mtu anayeishi Atlanta, makao makuu ya Delta, hukuta kwamba safari nyingi za pale ni za shirika hilo hilo. Kwake, kuhama kungemaanisha kubadilisha ndege njiani kila safari.

Matokeo? Kabla mwezi haujaisha, mkuu wa Delta, Ed Bastian, alikiri hadharani kwamba huenda kampuni ilivuka mpaka. Oktoba 18, 2023, viwango vikalegezwa. Kadi ya Reserve ikapata siku 15 za launji badala ya mara 10, na ile ya Platinum ya American Express ikapata 10 badala ya 6. Ukiingia launji zaidi ya moja ndani ya saa 24 za safari, hiyo ikahesabiwa kuwa mara moja. Diamond ikashuka kutoka dola 35,000 hadi 28,000.

Lakini angalia ambacho hakikurudishwa. Kikomo kilibaki. Kipimo cha pesa peke yake kilibaki. Zile dola 75,000 zilibaki. Na mwanzoni mwa 2024 ada ya kadi ya Reserve ikapanda kutoka dola 550 hadi 650. Kwa ufupi, kelele zilipunguza makali ya kisu, hazikukirudisha kwenye ala.

Mbona inauma hivi?

Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza jambo hili mwaka 1979: maumivu ya kupoteza kitu ni makubwa kuliko raha ya kupata kitu cha thamani hiyo hiyo. Ukiokota shilingi 200 utafurahi. Ukipoteza shilingi 200, utaikumbuka mpaka jioni.

Mipango ya zawadi inafanya kazi vizuri kwa sababu hiyo. Ukishazoea marupurupu, unayaona kama mali yako. Yakitishiwa, unatafuta kuyaokoa kwa bei yoyote, na "kwa bei yoyote" ndipo pesa yako huvujia.

Mtego wa kufukuza zawadi

Tuje nyumbani sasa. Tutumie mfano wa kubuni ili hesabu iwe rahisi.

Wacha tuseme mpango fulani unakupa pointi 1 kwa kila shilingi 100 unayolipa kwa simu, na kila pointi ina thamani ya senti 20. Wewe hulipa shilingi 30,000 kwa mwezi: kodi, stima, mboga, nauli. Unapata pointi 300, yaani shilingi 60. Kwa mwaka, shilingi 720. Si haba.

Kampuni inatangaza kwamba pointi sasa ni senti 10. Zawadi yako inashuka hadi shilingi 30 kwa mwezi. Lakini, inasema meseji, ukifikisha malipo ya shilingi 45,000 kwa mwezi utapata pointi maradufu! Hapo wengi huanza kujipanga kufika 45,000.

Tupige hesabu. Malipo ya 45,000 yanakupa pointi 450, zikiongezwa maradufu ni 900, kwa senti 10 ni shilingi 90. Ulikuwa na 30, sasa una 90. Umepata shilingi 60 zaidi. Na umetumia kiasi gani kuzipata? Shilingi 15,000 zaidi.

Ikiwa hizo 15,000 ni matumizi ambayo ungeyafanya hata hivyo, sawa kabisa. Kama unalipa karo, lipa kwa njia inayokupa pointi. Lakini ikiwa unanunua ili ufikishe kiwango, umelipa elfu kumi na tano ili upewe sitini. Na kama umekopa, hali ni mbaya zaidi: mkopo wa 15,000 kwa gharama ya asilimia 5 kwa mwezi unakula shilingi 750. Pointi zako sitini hazilipi hata sehemu ya kumi ya deni hilo.

Yule Mmarekani anayesukuma matumizi ya kadi hadi dola 75,000 ili aingie launji na wewe unayesukuma malipo hadi 45,000 mko kwenye mtego mmoja. Tofauti ni sifuri kadhaa tu.

Hatua tano ukipata meseji ya mabadiliko

1. Tafuta tarehe. Mabadiliko yanaanza lini? Delta ilitangaza kikomo cha launji zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuanza. Muda kabla ya tarehe hiyo ni wako: tumia pointi ulizonazo kwa thamani ya zamani.

2. Geuza zawadi iwe shilingi. Usihesabu kwa pointi, maili wala nyota. Jiulize: kwa mwaka mzima, hii kitu inaniletea shilingi ngapi? Hesabu tu marupurupu unayotumia kweli. Launji usiyoingia ina thamani ya sifuri.

3. Toa gharama. Ada ya mwaka, ada za kutuma na kutoa, riba. Kinachobaki ndicho faida yako. Mtu aliyekuwa akilipa dola 550 na kuingia launji mara 40 alikuwa akilipa chini ya dola 14 kwa kila mara, tukiacha kando manufaa mengine ya kadi. Kwa ada ya 650 na siku 15, ni zaidi ya dola 43. Kadi ni ile ile, lakini kwake hesabu imegeuka. Kwa anayesafiri mara 8 kwa mwaka, kikomo hakimgusi. Kinachomgusa ni ada. Ndiyo maana huwezi kufuata uamuzi wa jirani yako.

4. Sema, na sema kwa hesabu. Lalamiko la "mnatuibia" husomwa na kupita. Lalamiko la "nimekuwa mteja kwa miaka minne, mabadiliko haya yananipunguzia shilingi 360 kwa mwaka, na ninafikiria kuhama" linampa mhudumu kitu cha kupeleka juu. Hata hapa kwetu sauti husikika: mwaka 2022 Safaricom ilitangaza mpango wa kufuta pointi za Bonga zilizokaa zaidi ya miaka mitatu bila kutumiwa, wateja wakalalamika, na kampuni ikasitisha mpango huo. Kumbuka pia kwamba Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki ya kupata habari unazohitaji ili unufaike kikamilifu na huduma unayolipia. Kuuliza si usumbufu.

5. Ukihama, hamia hesabu, usihamie hasira. Ofa ya kumkaribisha mteja mpya mara nyingi ni tamu kuliko maisha ya baada ya hapo. Soma masharti ya huko pia: zawadi inadumu muda gani, pointi zinaisha lini, nani anaweza kuzibadilisha?

Na haya yote yatumie hata kwetu. Siku tutakapokuandikia kuhusu mabadiliko ya ofa zetu, pitia hatua hizi tano kabla ya kutuamini.

Zoezi la wiki hii

Chukua dakika kumi. Fungua mpango mmoja wa zawadi unaoutumia, uwe wa simu, wa supamaketi au wa kadi. Andika mambo manne: una pointi ngapi, zina thamani ya shilingi ngapi leo, zinaisha lini, na ni manunuzi gani ya mwezi uliopita uliyoyafanya kwa sababu ya pointi tu.

Jibu la swali la nne ndilo muhimu zaidi. Likiwa "hakuna", wewe ndiwe unayeutumia mpango. Likiwa na orodha ndefu, mpango ndio unaokutumia wewe.

Pesa iliyo kwenye akaunti yako ni yako. Pointi ni ahadi, na aliyeahidi ndiye anayeshika kalamu. Kwa hivyo usizilimbikize kama akiba ya uzeeni. Zikifika kiwango cha kununua kitu unachohitaji, zitumie.