Rekodi Safi Pekee Haitoshi

SWALI: Rocky Marciano alistaafu bila kushindwa hata pambano moja, ilhali Muhammad Ali alishindwa mara tano. Kwa nini basi wengi humweka Ali juu yake?

JIBU: Marciano alishinda mapambano yake yote 49, 43 kati ya hayo kwa KO. Hilo linastahili heshima kubwa. Lakini rekodi ya bondia husomwa pamoja na majina ya wapinzani na hali waliyokuwa nayo siku ile. Joe Louis alikuwa na miaka 37 Marciano alipomwangusha mwaka 1951. Jersey Joe Walcott, ambaye Marciano alimvua ubingwa mwaka 1952, alikuwa na 38. Baada ya hapo Marciano aliutetea mkanda mara sita, akastaafu mwaka 1956.

Ali alimpiga Sonny Liston mwaka 1964, Joe Frazier mara mbili kati ya tatu, na mwaka 1974, mjini Kinshasa, George Foreman ambaye hakuwa amewahi kushindwa. Aliutwaa ubingwa wa uzito wa juu mara tatu, ingawa alizuiwa kupigana kwa zaidi ya miaka mitatu kwa kukataa kwenda vita vya Vietnam. Vipigo vyake viwili vya mwisho, mwaka 1980 na 1981, vilimkuta akikaribia miaka 40.

Kwa hiyo, hukumu yangu ni hii: Marciano ana rekodi bora zaidi, lakini Ali ndiye bondia mkubwa zaidi. Ukipima bingwa yeyote, anza na aliowapiga, ndipo uhesabu mapambano aliyopoteza.