Maziwa ya Kuchachua: Chemsha Kwanza, Kisha Chachua

Msomaji, ukiwatembelea jamaa kule Masalani, mji wa Ijara ulio karibu na Mto Tana, huenda ukapewa suusac, yaani maziwa ya ngamia yaliyochachuliwa. Hutiwa ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi, yakaachwa siku 1 au 2. Hayagandi kama ya ng'ombe, bali hubaki mepesi.

Humo kibuyuni bakteria hutoa vimeng'enya. Kimoja, laktasi, huvunja sukari ya maziwa, kisha bakteria huigeuza kuwa asidi. Watu wazima wengi hawana laktasi ya kutosha matumboni, ndiyo sababu maziwa matamu huwajaza gesi na kuwaendesha, ilhali maziwa mala hayawasumbui sana. Bakteria wamewatangulia kazi.

Taabu ni kwamba maziwa yakichacha yenyewe, hatuwachagui bakteria. Watafiti waliochunguza suusac ya Kenya na Somalia, wakachapisha matokeo mwaka wa 2012, walikuta kundi la Streptococcus bovis limetawala. Baadhi ya jamaa wa kundi hilo huambukiza valvu za moyo. Mimi huogopa zaidi brusela, itokayo kwa mnyama mgonjwa. Viini vyake huweza kustahimili uchachu kwa siku kadhaa. Mgonjwa hupata homa ya kuja na kwenda, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo, naye humeza dawa za malaria na taifodi bila nafuu. Tiba yake ni antibiotiki 2 pamoja, kwa kawaida wiki 6, si vidonge vya siku 3.

Kwa hivyo chemsha kwanza. Wazee husema maziwa yaliyochemshwa hayachachi vizuri, na hawakosei: moto umeua bakteria wazuri pia, sharti warudishwe. Yakishakuwa vuguvugu, tia vijiko vichache vya mala ya pakiti, ukoroge na kufunika. Usitie masalio ya maziwa mabichi, utairudisha brusela. Nyuzi 25 hadi 30 huwafaa bakteria wengi wa mala. Mchana wa Masalani huzidi hapo, basi anza jioni. Kibuyu kioshwe kwa maji yanayochemka, kikauke, kifukizwe tena. Mitungi mikuukuu ya mafuta ya kupikia, wanayoipenda wachuuzi, siishauri kamwe, haisuguliki ndani.

Nawe unayenunua Eastleigh, muulize mwuzaji kama maziwa yalichemshwa kabla ya kuchachuliwa. Akisitasita, nunua mabichi ukayachemshe mwenyewe, hasa kama nyumbani yupo mjamzito, kwani brusela huweza kuharibu mimba.