Ukirudi Kibabi na Goti Lililonyooshwa: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Maagizo haya ni ya mtu aliyekuwa na matege, au magoti ya kugongana, au goti lililolika upande mmoja kwa miaka ya kupanda na kushuka milima, akaenda Goma kwa madaktari wa mifupa. Huko akakatwa mfupa wa muundi karibu na goti, ukanyooshwa, ukafungwa kwa bamba la chuma na skrubu. Sasa anarudi Kibabi, huko Masisi. Ni maagizo ya jamaa zake pia, maana wao huweza kuharibu kazi ya daktari kuliko mgonjwa mwenyewe: nusu yao humkataza hata kuinuka, nusu nyingine humtuma maji wiki ya tatu. Mfupa uliokatwa na daktari ni mfupa uliovunjika. Umevunjwa kwa akili, lakini umevunjika.

Usirudi nyumbani kwa pikipiki. Ukitoka Goma na kupita Sake, milima inaanza, na goti lililokunjwa nyuma ya motari hutikisika njia nzima. Panda gari hadi linapokomea, mguu ukiwa umenyooshwa, kisha ubebwe kwa kipoyi (machela). Kijana anayeona haya kubebwa kama mzee akumbuke kwamba motari akianguka, hataanguka peke yake.

Fuata karatasi ya hospitali, usimfuate jirani. Wengine huruhusiwa kukanyaga mapema kwa sababu bamba lao ni imara; wengi huambiwa waguse tu chini kwa wiki 6 hivi, uzito wote ukiwa kwenye magongo. Jirani aliyetupa magongo mapema hakukatwa mfupa wako.

Usilale mchana kutwa. Hapa akina mama wakubwa watanikasirikia, maana kwao mgonjwa mwema ni yule anayelala na kulishwa. Kulala tu kunakakamaza goti, kunadhoofisha msuli wa paja, na kunaweza kugandisha damu ndani ya mishipa ya mguu. Tangu siku za kwanza chezesha kifundo cha mguu, juu na chini, kila saa ukiwa macho. Kaza paja, hesabu hadi 5, legeza. Rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Kama huna plasta, kunja na nyoosha goti kwa kadiri uliyoonyeshwa na kine (mtaalamu wa mazoezi ya viungo). Asiyefundishwa mazoezi haya hajamaliza matibabu: abaki Goma siku chache zaidi ayatafute, kwa mfano kwenye kituo cha Shirika la Umoja, kinachojulikana kwa miguu ya bandia na mazoezi ya viungo.

Jifunze magongo kabla ya kuyaamini. Uzito ukae mikononi, usikae kwapani. Ukiegemea kwapa, mishipa ya fahamu hubanwa na mikono hufa ganzi. Ukipanda, mguu mzima utangulie. Ukishuka, magongo na mguu uliopasuliwa vitangulie. Kagua mpira wa chini ya gongo kila asubuhi, na ukiisha, badilisha siku hiyo hiyo. Mvua ikinyesha, kaa ndani. Tope la Masisi linaangusha hata wenye miguu miwili mizima.

Usibebe kitu. Watafiti wa Berlin waliweka vipimo ndani ya magoti ya bandia ya wagonjwa, wakapima nguvu inayolishukia goti. Mtu akitembea mahali tambarare, goti hubeba karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili wake. Akishuka ngazi, karibu mara tatu na nusu. Mtu wa kilo 60 anaposhuka, goti moja linapokea zaidi ya kilo 200. Sasa ongeza bidoni ya lita 20, kamba ikivuta kipaji cha uso, na njia ya mtoni inayoteleza. Hakuna bidoni, hakuna kuni, hakuna gunia la makaa, na mtoto mgongoni ni mzigo kama mizigo mingine, hata akiwa mpole. Marufuku hii inakwisha picha ya radio (eksirei) ikionyesha mfupa umeunga, mara nyingi baada ya miezi 3 hivi, na hata hapo unaanza na lita 5. Baba mwenye nyumba, kamba hiyo ya bidoni inakutosha wewe pia.

Usichuchumae. Choo cha shimo ndicho mtihani wa kila siku ambao karatasi ya hospitali inaweza kuusahau. Fundi atoboe kiti cha mbao, kiwekwe juu ya shimo kabla mgonjwa hajafika, na kando yake mti wa kushikilia. Kanisani sali ukiwa umekaa. Kuosha vyombo na kumenya mihogo kufanyike kwenye kiti chenye kimo, usikalie kigoda.

Usimruhusu mtu akukande. Waunga mifupa wetu wana mikono yenye ujuzi na wamesaidia wengi, lakini kuvuta na kusugua mfupa uliofungwa skrubu ni kuubomoa.

Usimeze diklofenaki kila asubuhi ili uweze kwenda shambani. Maumivu yanayokuzuia yanafanya kazi yake, na dawa hiyo ikizoewa hutoboa tumbo.

Acha tumbaku. Huchelewesha mfupa kuunga. Pombe ya kasiksi na magongo pia havipatani.

Kula samaki wadogo wa sambaza pamoja na mifupa yao, maharagwe, mayai, maziwa. Maziwa na jibini ya Masisi hushuka kuuzwa Goma. Si haki mgonjwa wa Masisi anywe chai kavu. Mtoto aliyenyooshwa matege apate na jua la asubuhi. Mtoto huyo hatajizuia mwenyewe: maumivu yakipungua atakimbilia mpira, kwa hiyo mwalimu wake apewe habari kabla hajarudi shule.

Rudisha kazi kidogo kidogo. Mfupa ukiunga, tembea kila siku na uongeze mwendo polepole. Palizi nyepesi inaweza kufuata. Kukimbia kungoje takribani nusu mwaka, na mpira ungoje ruhusa ya daktari. Tafiti zilizofuatilia watu wazima wa upasuaji huu zinaonyesha kwamba zaidi ya wanane kati ya kumi hurudi kwenye michezo, wengi ndani ya mwaka mmoja. Mchimbaji wa madini ya koltani asijifariji kwa hesabu hiyo. Nyingi kati ya tafiti hizo ni za Ulaya, na wengi wa wagonjwa walirudi kwenye michezo isiyogonga goti, kama kutembea, baiskeli na kuogelea. Kuchimba kwa kuinama shimoni na kupandisha gunia la mchanga mlimani ni jambo lingine kabisa. Kwa mwenye goti lililolika, upasuaji huu ni wa kuahirisha goti la bandia, na wengi hupata miaka 10 au zaidi. Ukirudi shimoni, unaila miaka hiyo. Omba kazi ya kupima na kuandika magunia, na mwenye shimo asikucheke.

Funga picha za radio na karatasi ya upasuaji ndani ya mfuko wa plastiki, mahali unapoweza kuzishika gizani. Watu wa Masisi wamehama mara nyingi, na Goma yenyewe ilibadilisha watawala kwa mapigano Januari 2025. Daktari atakayekupokea kwingine atahitaji kujua ni chuma gani kimo mguuni. Magongo yalale karibu na mkono wako. Risasi zikianza, kimbia jinsi unavyoweza, na mguu utakaguliwa baadaye.

Usingoje kesho ukiona haya: vidole vya mguu vimekufa ganzi au unyayo haunyanyuki, plasta inabana na maumivu yanazidi, usaha au homa, shavu la mguu limevimba na linauma. Pumzi ikikatika ghafla, mbebeni usiku huo huo.

Usidai chuma kitolewe kwa sababu tu kinakera wakati wa baridi. Kama kinasumbua kweli, daktari hukitoa mfupa ukishakomaa, mara nyingi baada ya mwaka au mwaka na nusu. Skrubu zikitoka, mfupa hubaki na matundu: kwa wiki 6 hivi mpira, bidoni na gunia vinarudi kwenye marufuku, hata kama unatembea vizuri.