SOMO: KUBADILI JINA LA CHOMBO ULICHONUNUA



Leo nataka tujifunze jambo ambalo baadhi yenu mtadhani linawahusu wavuvi peke yao. Ni kweli, sisi wa Tarime na Serengeti tuko mbali na maji makubwa. Tangu Rorya ilipokatwa kutoka Tarime na kuwa wilaya mwaka 2007, ziwa limebaki upande wa wenzetu. Hata hivyo wengi wetu tuna fedha majini. Mstaafu akipata kiinua mgongo, au kikundi cha akina mama kikiuza mahindi kwa bei nzuri, hununua mtumbwi na kuuweka Kinesi, Sota au Shirati, na kijana wa ndugu akausimamia. Basi somo hili ni letu pia.

Nimefundisha walimu kwa miaka mingi. Kila mara niliwaambia wanachuo kwamba mfano unaofundisha vizuri ni kosa la mwalimu mwenyewe. Kwa hiyo naanza na kosa langu.

1. Yaliyotupata

Tulikuwa watu saba wa mtaa mmoja. Tulichanga fedha tununue mtumbwi wa kuvulia dagaa. Mmoja wetu, mama mjane, aliuza ng'ombe wawili ili apate fungu lake. Mimi nilitoa sehemu ya kiinua mgongo changu, nikachaguliwa kuwa katibu. Tukanunua mtumbwi wa mbao pamoja na mashine yake kwa mtu wa mkoa mwingine. Jina lake lilikuwa Riziki. Muuzaji alitupa karatasi ya mauziano yenye sahihi na mashahidi wawili. Tukalipa, tukamshukuru Mungu.

Tulipoufikisha mwaloni, jambo la kwanza tulilofanya ni kununua rangi. Fundi akakwangua ubavu wote, jina na namba pamoja, akapaka rangi ya buluu na kuandika EBENEZERI. Tulilichagua jina hilo katika 1 Samweli 7:12. Tukaomba, tukala, tukaenda zetu. Kulikuwa na mwenzetu mmoja aliyeuliza habari za ofisi ya uvuvi. Mimi ndiye niliyemjibu kwamba karatasi tutazishughulikia baadaye.

Wiki ya sita wakaguzi wakapita mwaloni. Chombo hakina namba. Ebenezeri haimo katika daftari lolote. Leseni tuliyoonyesha ni ya Riziki. Mtumbwi ukazuiwa. Nilikwenda kwa afisa, kijana mdogo aliyeniamkia, "Shikamoo Mwalimu," akanipa kiti, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, mimi nasoma daftari, sisomi rangi. Nendeni kule ulikotoka mkaulize Riziki ni wa nani."

Tukaenda. Tukakuta katika daftari kwamba mwenye Riziki si yule aliyetuuzia, bali kaka yake, naye hakuuza kitu. Alikuwa akiutafuta mtumbwi wake tangu siku ile. Aliposikia tumekwangua namba, akatuona kuwa wezi. Ningekuwa mimi, ningewaza hivyo hivyo.

Miezi minne mtumbwi ulikaa nchi kavu, mbao zikapasuka kwa jua. Mwisho wazee wa pande zote mbili walikaa, tukapatana na yule kaka, tukamlipa sehemu ya bei kwa mara ya pili. Yule mama mjane hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

2. Tunalijua jambo hili kwa ng'ombe

Ndugu msomaji, hapa kwetu nani ananunua ng'ombe bila kuuliza ametoka zizi gani? Tunatazama chapa, tunauliza kibali, tunataka mashahidi wanaomjua muuzaji. Mtu akichoma chapa mpya juu ya chapa ya zamani kabla ya shauri kwisha, kijiji kizima kitasema amemwiba, hata kama fedha alilipa.

Sisi tulioyajua haya kwa ng'ombe tuliyasahau kwa mtumbwi. Kukwangua namba kabla ya hati kuhamishwa ni kuchoma chapa juu ya chapa. Mtumbwi wa haki ukaonekana wa wizi kwa mikono yetu wenyewe.

3. Jina ni la mwenyewe, namba ni ya chombo

Mabaharia wa Ulaya walikuwa na imani ya zamani kwamba kubadili jina la chombo ni mkosi. Mkristo haogopi mkosi wa namna hiyo, na historia yetu yenyewe inaukanusha. Katika Ziwa Tanganyika iko meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande katika makasha, ikaunganishwa na kuitwa Graf von Götzen, jina la gavana wa Kijerumani. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe, baada ya kuipaka mitambo yake mafuta mazito isipate kutu. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa lile. Ikabeba watu kwa miongo mingi. Katika ziwa letu, meli ya Victoria iliyoanza kazi mwaka 1961 ilikarabatiwa, na mwaka 2020 ikarudi majini kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu.

Basi jina linaweza kubadilika, na si dhambi. Lakini angalieni jinsi wenye meli wanavyofanya. Meli kubwa za baharini hupewa namba ya Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO. Namba hiyo haibadiliki hata meli ikibadili jina, mwenyewe au bendera. Kwa hiyo deni, ajali au kosa la jana halifichiki chini ya rangi ya leo.

Mtakatifu Luka naye alikuwa mwangalifu. Katika Matendo ya Mitume 27:2 anatuambia merikebu waliyopanda ilikuwa ya Adramitio. Katika 28:11 anasema nyingine ilikuwa ya Iskanderia, na tena anataja chapa yake, ya Ndugu Mapacha. Bandari na jina, vyote viwili. Msomaji anajua ni chombo kipi na kilitoka wapi.

Sababu nyingine mnaijua wenyewe. Upepo wa usiku ukipindua mtumbwi, nao ukaonekana asubuhi unaelea mtupu mwalo wa mbali, namba ndiyo itakayosema habari zipelekwe nyumba gani. Mtumbwi uliokwanguliwa hausemi kitu.

4. Mnunuzi hurithi mashauri

Wamisionari wa kwanza wa CMS waliofika ziwa hili, Luteni Shergold Smith na Bwana O'Neill, walinunua jahazi huko Ukerewe kwa mfanyabiashara aliyeitwa Songoro. Baadaye Songoro alikosana na mtemi Lukonge, akakimbilia kwa wamisionari. Desemba 1877 wote watatu waliuawa. Sisemi jahazi peke yake lilikuwa kisa. Lakini tujifunze kwamba anayenunua kwa mtu huingia, apende asipende, katika mashauri ya mtu yule.

Siku hizi mashauri ni ya namna nyingine. Wanunuzi wa samaki huwakopesha wenye mitumbwi nyavu na mashine, ili samaki wote wauzwe kwao mpaka deni liishe. Ukinunua mtumbwi wa namna hiyo bila kuuliza, mkopeshaji atakuja mwaloni na daftari lake, naye atakuja kwako.

5. Hatua za kufuata

Uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 pamoja na kanuni zake. Chombo cha kuvulia lazima kiandikishwe, kiwe na namba inayosomeka, na kiwe na leseni. Basi fanyeni hivi, kwa utaratibu huu:

(a) Kabla ya kulipa, ombeni cheti cha kuandikishwa na leseni. Linganisheni namba ya karatasi na namba iliyo katika mbao. Zisipolingana, rudini nyumbani na fedha zenu.

(b) Nendeni kwenye mwalo chombo kinakotoka. Waulizeni viongozi wa BMU na Afisa Uvuvi: mwenyewe ni nani? Ana mshirika? Kuna deni?

(c) Andikeni mauziano mbele ya uongozi wa kijiji. Iandikwe namba ya mtumbwi, urefu wake, na namba ya mashine. Kila mwenye sehemu atie sahihi, si yule mwenye maneno mengi peke yake.

(d) Pelekeni karatasi hizo kwa Afisa Uvuvi, mwombe umiliki uhamishwe kwenu. Kama mnataka jina jipya, semeni hapo hapo. Mpaka mpate cheti chenu, jina la zamani na namba ya zamani visiguswe hata kwa kucha.

(e) Baada ya hapo, iteni fundi wa rangi. Jina liwe lile lile lililo katika cheti, herufi kwa herufi, na namba isomeke pande zote mbili.

(f) Leseni ya chombo ni ya kila mwaka, na wavuvi nao wana leseni zao. Kama chombo kitabeba abiria, ukaguzi wa usalama ni wa TASAC, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017.

(g) Kama ni mali ya kikundi, kiandikwe kwa jina la kikundi, si la katibu. Katibu ni mwanadamu, hufa, na watoto wake hawakuwapo mlipochanga.

6. Mwisho

Ebenezeri iko majini leo, na safari hii imo katika daftari. Tulilifuata jina letu kwa njia iliyo sawa, ingawa kwa kuchelewa. Katika mgawo wa mwaka jana yule mama mjane alirudishiwa bei ya ng'ombe mmoja. Wa pili bado tunamdaiwa, na kila mkutano nausoma mstari huo wa hesabu kwa sauti, mimi mwenyewe.

Maswali ya kuzungumza katika ibada za nyumbani:

1. Kwa nini tunakuwa waangalifu kwa ng'ombe kuliko kwa mali nyingine?

2. Katika kikundi chako, mali imeandikwa kwa jina la nani? Umeiona hati hiyo kwa macho yako?

3. Mtu aliyepoteza fedha za wenzake kwa uzembe, bila kuiba, anadaiwa nini na wenzake, nao wanamdaiwa nini yeye?